Barua ya wazi kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu: niulizeni mwanafunzi anahitaji nini, msiniulize anaumwa nini

Waheshimiwa Maprofesa,

Salaam. Nawaandikia nikiwa daktari wa kituo cha afya cha chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Chuo chenyewe sikitaji, na hilo ni kwa makusudi. Nimezungumza na wenzangu wanaofanya kazi kama yangu kwenye vyuo vingine, na tunayoyalalamikia yanafanana kiasi kwamba kukitaja kimoja kungekuwa kukionea. Nakala ya barua hii inakwenda pia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na Wizara ya Afya. Lakini wanaoweza kulirekebisha jambo hili bila kusubiri bajeti wala sheria mpya ni ninyi na Seneti zenu, ndiyo maana nimeanza na ninyi.

Ombi langu ni moja. Mnapoleta karatasi au kupiga simu kwa daktari wenu kuhusu mwanafunzi, ulizeni mwanafunzi huyo anahitaji nini. Msiulize anaumwa nini. Mengine yote nitakayosema humu yanatoka hapo.

Chukueni fomu ya kuomba kuahirisha mtihani kwa sababu ya ugonjwa. Sehemu ya kwanza anajaza mwanafunzi: jina, namba ya usajili, kozi, mitihani atakayoikosa. Sehemu ya pili ni yangu. Kuna nafasi ya tarehe, nafasi ya sahihi na mhuri, na katikati yake mstari mrefu kuliko yote ulioandikwa "Ugonjwa". Nikishaujaza, fomu haitiwi kwenye bahasha. Mwanafunzi anaibeba mkononi hadi ofisi ya mkuu wa idara, ambako katibu muhtasi anaipokea, anaisoma na kuiandika kwenye daftari. Inatoka hapo kwenda kwa mkuu wa kitivo, inapita kwa mshauri wa wanafunzi, inafika kwa msajili wa taaluma, na mwisho inaingia kwenye kikao cha mitihani ambako majina yanapitiwa moja moja pamoja na sababu zake. Njia nzima hiyo, hakuna mtu hata mmoja anayehitaji kulijua jina la ugonjwa ili atimize wajibu wake. Wote wanahitaji kujua jambo moja: je, mtu huyu anaweza kuketi kwenye mtihani tarehe hiyo au hawezi?

Mstari ule umewahi kunitaka niandike kwamba mimba imeharibika. Umewahi kunitaka niandike kisonono, kifua kikuu, sonona. Wanafunzi si wajinga, wanaijua njia ya fomu kuliko ninavyoijua mimi, kwa sababu ndio wanaotembea nayo. Kwa hiyo kila msimu wa mitihani nasikia ombi lile lile, linasemwa kwa sauti ya chini mlango ukiwa umeshafungwa: "Dokta, andika malaria tu."

Malaria haina aibu. Mkuu wa idara ameiugua, katibu wake ameiugua, hakuna atakayemtazama mtu mara mbili kwa sababu ya malaria. Nikikubali, nimetia sahihi uongo kwenye hati ya chuo, na Baraza la Madaktari Tanganyika lina haki ya kuniita nijieleze. Nikikataa na kuandika ukweli, binti wa miaka 20 atasoma muda wote uliobaki akijua kwamba watu wanaompa matokeo yake wanajua kilichompata. Nikiuacha mstari wazi, fomu inarudishwa: "Daktari hajajaza." Siku hizi naandika "hali ya kitabibu inayomzuia kufanya mtihani", na bado zipo ofisi zinazonipigia simu kuuliza ni hali gani hiyo.

Naomba mnielewe kwamba siombi fadhila. Azimio la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1948 na kupitiwa upya mara ya mwisho 2017, linamtaka daktari aahidi kuzitunza siri alizokabidhiwa hata baada ya mgonjwa kufariki. Sheria yetu ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya matokeo ya kipimo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, ikawabana wanaozikusanya wakusanye zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa. Chuo ni mkusanyaji wa taarifa kama benki au kampuni ya simu. Ule mstari mrefu unakusanya kitu ambacho chuo hakina kazi nacho.

Kuna karatasi nyingine inayofanana na hiyo, nayo inakuja mapema zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapofika, anakuja na fomu ya uchunguzi wa afya aliyojaziwa hospitali ya kwao: mkojo, damu, kifua, macho, magonjwa aliyowahi kuugua. Anaikabidhi kwenye dirisha la usajili pamoja na vyeti vya shule na risiti ya ada, na inabanwa kwenye faili lake la taaluma. Mimi siioni. Mwanafunzi mwenye pumu kali au selimundu (sikoseli) anaweza kukaa muhula mzima bila mtu yeyote wa kituo cha afya kujua kwamba yupo, ilhali maelezo yake yako kwenye kabati la ofisi ambayo haina dawa wala stethoskopu. Fomu ile ije kituoni moja kwa moja, kwenye bahasha iliyofungwa. Hapo tu tungeokoa safari nyingi za usiku za gari la wagonjwa.

Wazazi nao wana sehemu yao, ingawa hao nawaelewa zaidi. Mzee anapiga simu kutoka mbali, amenyimwa usingizi, kijana wake hapokei simu na amesikia kwa jirani kwamba amelazwa. "Daktari, mwanangu anaumwa nini?" Na mimi ni mzazi. Lakini kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 mtu aliyetimiza miaka 18 si mtoto tena, na mgonjwa wangu ana miaka 21. Namjibu, "Mzee wangu, kijana yuko salama na tunamhudumia. Nitamwomba akupigie mwenyewe." Kisha nakwenda wodini kumwomba kweli, na wengi wanapiga. Mtu akiachiwa nafasi ya kueleza mwenyewe, mara nyingi anaeleza. Akiona limeshasemwa bila yeye, anafunga mdomo kwa wote, daktari akiwa wa kwanza.

Sasa niwaonyeshe inavyoweza kwenda vizuri, maana nimeiona. Nimebadilisha mambo madogo ili mhusika asitambulike. Kijana mmoja mwenye kifafa alipangiwa kitanda cha juu kwenye chumba cha ghorofa ya juu. Nilimwandikia wodeni barua fupi: mwanafunzi huyu apewe kitanda cha chini, na chumba kisiwe cha ghorofani, ni kwa sababu za kiafya. Wodeni alikuja nayo mkononi. Ni mtu makini, na alikuwa na hoja: kila mwanafunzi anataka kitanda cha chini, na hadithi za kupata kitanda cha chini hazijawahi kuisha. Nikamwambia, "Niulize swali moja tu, kama barua hii nimeiandika mimi." Akaniuliza, nikamjibu ndiyo, akaenda kubadilisha chumba jioni ile ile. Baadaye yule kijana aliwaeleza wenzake wa chumbani yeye mwenyewe, kwa wakati wake. Akawafundisha kwamba akianguka wamlaze ubavu, waondoe vitu vigumu karibu naye, na wasimtie kijiko mdomoni. Hakuna ofisi ingeweza kuwafundisha vile. Na wodeni mpaka leo hajui jina la ugonjwa ule, wala hakupungukiwa na kitu.

Hiyo ndiyo kazi ya daktari wa chuo kama ninavyoifahamu. Hospitali ya rufaa inamwona mgonjwa, inampa dawa, inamruhusu kurudi nyumbani. Mimi nyumbani kwake ndiko ninakofanyia kazi. Naijua hosteli yake, najua kafeteria inafungwa saa ngapi, najua mitihani inaanza lini, najua fedha za kujikimu zimechelewa kwa sababu siku hizo watu wanaanza kuzimia darasani. Hakuna daktari mwingine nchini anayejua mambo hayo kuhusu mgonjwa wake. Lakini chuo kinaniuliza jambo moja tu, kama mtu anaweza kufanya mtihani, na kwa swali hilo kimeniwekea fomu, mhuri na kikao. Kwa yale mengine hakuna hata karatasi.

Mfano ni wa mwanafunzi mwenye kisukari kile cha kudungwa insulini tangu utotoni. Sukari yake ilikuwa inapanda na kushuka bila mpangilio, na insulini alikuwa anaipata, tunaitunza kwenye friji ya kituo kwa sababu hosteli haina friji. Ilichukua muda kuaminiana mpaka akasema kinachotokea. "Boom", yaani zile fedha za kujikimu, likikata, anakula mara moja kwa siku, chapati na maharage jioni. Siku akidunga bila kula anaanguka, kwa hiyo ameamua kutokudunga siku asiyokuwa na hela. Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Alikuwa anachagua hatari anayoijua. Dawa ya mtu huyu ilikuwa chakula, mara tatu kwa siku, kwa saa zinazoeleweka. Nilitaka kuiandikia ofisi inayohusika sentensi hiyo hiyo moja, bila jina la ugonjwa, nikaambiwa hakuna utaratibu, labda aandike barua ya kujieleza na aambatanishe ripoti kamili ya daktari. Yaani ili apewe sahani ya wali, aliweke faili lake la matibabu mezani. Alikataa, na sikumlaumu. Wahadhiri wawili wenye moyo ndio waliomsaidia, kutoka mifukoni mwao.

Sasa nifike panaponikosesha raha zaidi. Umri wa miaka 18 hadi 25 ndio umri ambao magonjwa mengi makubwa ya akili hujitokeza kwa mara ya kwanza, na kwa nchi yetu idadi kubwa ya vijana wa umri huo waliokusanyika sehemu moja, mbali na nyumbani, wako kwenye vyuo vyenu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kujiua miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Lakini hakuna anayeingia chumbani kwangu na kusema "nina sonona". Nawasimulia wengi kama mmoja: anakuja akisema ana malaria, kipimo hakionyeshi kitu. Anarudi akisema ana UTI sugu, ameshameza vidonge alivyouziwa duka la dawa nje ya geti, mkojo ni safi. Anarudi tena, safari hii ni kichwa. Kama foleni nje imepungua, nikasogeza kiti na kumuuliza analala saa ngapi na mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini, hapo ndipo ugonjwa wenyewe unapoanza kuzungumza.

Na kabla haujazungumza, kuna swali ananiuliza yeye. Wengine wanauliza, "Hii itafika utawala?" Wengine, wakiitaja hospitali ya magonjwa ya akili, "Mtanipeleka Mirembe?" Wapo walioniuliza kama mkopo utasimama. Mtu amekaa miezi akipigana peke yake, hatimaye amefika kwenye mlango unaofaa, na anachokiogopa kuliko ugonjwa wake ni mwajiri wa daktari. Siwezi kumwambia "usiogope" kwa moyo mweupe wakati sina kanuni hata moja ya chuo inayosema kwa maandishi kwamba yaliyosemwa humu ndani yanabaki humu ndani. Nina kiapo changu, na kiapo yeye hakioni.

Najua Kanuni ya Adhabu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Wenzetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilikitamka kuwa kinapingana na Katiba. Kwetu hilo ni la Bunge, nami siwabebeshi ninyi. Lililo lenu ni dogo zaidi na linawezekana kesho: mwanafunzi aliyenusurika asikutanishwe na kamati ya nidhamu, asiandikwe kwenye ripoti ya wodeni kwa jina, asitakiwe kuhama hosteli kana kwamba ameiba. Akutane na mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo. Vyuo vingi vina mshauri nasaha mmoja kwa maelfu ya wanafunzi, na mara nyingi ofisi yake iko jengo moja na utawala, mlango kwa mlango. Mhamishieni kituo cha afya. Huku mtu akionekana amekaa kwenye benchi, anaweza kuwa amekuja kwa mafua.

Kuna jambo jingine ambalo mtu angependa lipitwe kimya, nami sitalipita. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinahusu rushwa ya ngono, na sote tunajua kwa nini kifungu hicho kinapotajwa vyuo navyo hutajwa. Binti aliyelazimishwa, awe amelazimishwa na mwenzake au na mtu mwenye mamlaka juu ya alama zake, ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Anahitaji pia dawa ya kuzuia mimba, kipimo, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akiamua kwenda polisi, na mtu wa kumsikiliza. Saa hizo anazitumia kufikiri kama aje kwangu. Anafikiria benchi la mapokezi, ambako mhadhiri akifika anapitishwa mbele kwa heshima, na mimi huyo huyo ndiye ninayemtibu shinikizo la damu. Anafikiria kwamba faili lake na la mhadhiri yako kabati moja, na kwamba msimamizi wangu anakaa jengo la utawala. Mimi najua kwamba sitasema. Yeye atajuaje?

Ndiyo maana naomba iandikwe. Iandikwe kwenye kanuni za chuo kwamba daktari na wauguzi hawawajibiki kwa uongozi kuhusu yaliyo ndani ya faili la mgonjwa, kwamba hakuna mkuu wa idara wala afisa wa utawala anayeweza kuamuru faili lifunguliwe, na kwamba anayelifungua bila ruhusa, hata akiwa mtumishi wa mapokezi, amefanya kosa la kinidhamu. Ibandikwe ukutani mapokezi kwa maandishi makubwa. Na kila mtumishi awe na nywila yake kwenye mfumo wa kompyuta, kwa sababu hii ya kuingia wote kwa nywila moja iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi pembeni ya skrini ni sawa na kuacha kabati wazi.

Nitaulizwa, vipi kuhusu usalama wa wengine? Swali la haki. Siri ya mgonjwa ina mipaka, na mipaka hiyo ninaijua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani, hakuna daktari aliyesema afiche mgonjwa. Nikimkuta mtu na ugonjwa wa namna hiyo, taarifa inakwenda siku hiyo hiyo kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, na uongozi wa chuo nauambia bweni lipi lipimwe maji, choo kipi kitiwe dawa, mama lishe gani wasimame kuuza kwa muda. Hayo ndiyo mnayohitaji, na mtayapata ndani ya saa chache. Jina la aliyeharisha halisafishi tangi. Kifua kikuu hivyo hivyo: nitawaita wenzake wa chumbani wapimwe, mgonjwa atameza dawa kwa miezi sita, na kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi za dawa, kama si kile kifua kikuu sugu, haambukizi tena na anaweza kurudi darasani. Na mtu akiwa kwenye hatari ya kujidhuru au kumdhuru mwingine, nitasema kiasi kinachotosha kuokoa uhai, kwa yule tu anayeweza kuuokoa. Ninachokataa ni ile hali ambapo hatari ya wachache inakuwa sababu ya kusoma mafaili ya wote.

Hoja yenu kubwa ya pili naijua pia, na nairudia hapa kwa sababu ina ukweli. Vyeti vya kughushi vipo. Nimeonyeshwa ED, yaani vyeti vya daktari vya kumpumzisha mgonjwa, zenye mhuri unaofanana na wetu na sahihi isiyo ya mtu yeyote kituoni. Msajili anayeona hayo lazima aulize maswali. Lakini jina la ugonjwa halizuii kughushi, kwa kuwa anayeweza kuchonga mhuri hashindwi kuandika "homa ya matumbo". Kinachozuia ni namba. Kila cheti kiwe na namba iliyoandikwa kwenye rejista yetu, na ofisi ya mitihani ipige simu: cheti namba fulani ni chenu? Tutajibu ndiyo au hapana, na simu itakatwa.

Na hapa niseme kwamba ED zenyewe zimezidi. Wiki ya majaribio, foleni inaanza kabla hatujafungua, na wengi waliomo hawatafuti matibabu, wanatafuta karatasi, kwa sababu mhadhiri hatampa nafasi ya jaribio lingine bila karatasi. Mtu mwenye mafua ya siku mbili anatakiwa alale na anywe maji. Badala yake anakuja kukohoa kwenye benchi na wenzake. Asubuhi moja ya namna hiyo nilimkuta mwishoni mwa benchi binti mwenye selimundu, amejikunyata, machozi yanamtoka kimya kwa maumivu ya mifupa. Alikuwa amekuja peke yake, hakupiga kelele, na mbele yake wamekaa watu waliokuja kwa mhuri. Maumivu yale yanahitaji dawa mara moja. Tangu siku hiyo muuguzi anapita kwenye benchi kila mara kutazama nyuso, lakini muuguzi huyo naye ametolewa kwenye chumba cha sindano.

Uingereza mfanyakazi anayeugua hadaiwi cheti cha daktari mpaka zipite siku saba, anajieleza mwenyewe kwa maandishi. Siombi siku saba. Naomba mwanafunzi aliyekosa semina au jaribio dogo kwa siku moja au mbili aruhusiwe kutoa taarifa mwenyewe, mara chache zilizowekewa kikomo kwa muhula, na mhadhiri ampe nafasi nyingine. Atakayedanganya yupo. Anadanganya hata sasa, tofauti ni kwamba sasa anadanganya kwa kutumia saa zangu.

Kuhusu watumishi na dawa sitasema mengi, kwa kuwa mnayasikia kila bajeti. Mwanafunzi analipia kadi ya bima kila mwaka na ana haki ya kukuta dawa. Jambo moja tu naliomba hapa: kituo cha afya kisipimwe kwa idadi ya vichwa na fedha za bima zilizoingia. Kwenye mfumo wa kupima utendaji, yule mwanafunzi wa "kichwa kinauma" niliyesogeza kiti kumsikiliza anahesabika kama mtu mmoja, sawa na aliyekuja kufungwa bandeji. Msimamizi anayenijazia alama ni afisa utawala, na kwa haki kabisa haoni tofauti. Wekeni kwenye tathmini yetu jicho la mtaalamu wa afya, hata kama ni kutoka hospitali ya mkoa.

Najua baadhi yenu mnaposoma haya mtafikiri daktari huyu anataka kujitenga na chuo. Nataka kinyume chake. Nataka nikaribishwe kwenye kikao kinachopanga hosteli, kinachotoa zabuni ya kafeteria, kinachopanga ratiba ya mitihani yenye karatasi tatu kwa siku moja. Huko nina mengi ya kusema, na yote naweza kuyasema bila kutaja mtu. Wanafunzi waliopita chumbani kwangu wamenifundisha mengi kuhusu vyuo vyenu ambayo hayapo kwenye ripoti yoyote. Lakini wataendelea kunifundisha iwapo tu wana hakika kwamba nikitoka pale nikaingia ofisini kwenu, wao nimewaacha kule.

Rasimu ya fomu mpya ya kuahirisha mtihani ninayo, ni ukurasa mmoja. Ina jina la mwanafunzi, namba ya usajili, namba ya cheti, sahihi na mhuri, na sentensi moja ya daktari: "Hawezi kufanya mtihani kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani", na chini yake nafasi ya kuandika anachohitaji akirudi, kama vile muda wa ziada, chumba cha chini au saa ya kula. Mstari wa "Ugonjwa" haumo. Naomba iingizwe kwenye ajenda ya Seneti kabla ya mitihani ya muhula huu, na niko tayari kuja kuitetea mbele ya wajumbe siku na saa mtakayoipanga.

Wenu katika kazi,

Daktari wa kituo cha afya cha chuo kikuu